Miezi 3 bila habari: anza na misiba, mpira utakusubiri

Mkuu, unasema umetoka porini kikazi miezi 3, simu imejaa meseji na hujui uanzie wapi: mpira, mambo ya mtaani au vile vituko watu wanavyochekea. Mimi yalinikuta 2025, ngoja nikupe yangu.

Nilipanda meli ya uvuvi wa jodari Ijumaa, Machi 7. Kesho yake ilikuwa Yanga na Simba kwa Mkapa. Nikawekeana na shemeji kreti ya soda, mimi Simba, yeye Yanga. Kule baharini mtandao ni wa nahodha peke yake. Nimerudi Juni mwanzoni, Idi kubwa inakaribia.

Nikaanza na mpira, na hapo ndipo nilipochemka. Nashuka kwenye boda, jirani yangu kakaa barazani, namtania palepale: "Tuliwapiga ngapi?" Akatabasamu tu. Nikaendelea, "Na mzee hajambo?" Akasema taratibu, "Mzee tulishamzika, Aprili." Nilibaki nimesimama na begi mkononi. Hata arubaini ilikuwa imeshapita.

Kwa hiyo kabla ya chochote kaa na mama, mke au kinyozi wako, uliza nani katutoka, nani anaumwa, nani hawasalimiani. Magrupu ya WhatsApp usiyasome tangu mwanzo, utakesha. Tafuta "msiba", "Inna lillahi", "michango". Yatakayotokea ndiyo yako, nenda kawape watu pole. Harusi zilizopita utaombwa mchango tu hata ukichelewa.

Mpira sasa. Usimuulize shabiki! Shemeji aliniambia, "Pointi 3 zetu, mliingia mitini." Kinyozi wangu, Simba damu, akasema, "Tulifungiwa geti." Kila mmoja kaapa. Nikafungua msimamo wa ligi, nikahesabu mechi za kila timu, nikaona kuna kiporo, yaani mechi iliyobaki. Hapo ndipo nikaelewa kwamba mechi yenyewe haikuchezwa. Simba walisema walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi, wakagoma, na Bodi ya Ligi ikaiahirisha siku ileile. Ukishaona msimamo na ratiba, maneno ya watu unayasikiliza kwa raha, hayakupotezi. Kwa njia hiyohiyo nikajua Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 2-0 na Berkane kule Morocco, halafu 1-1 pale Amaan, Zanzibar, Mei 25. Hiyo niliisoma mara moja nikafunga simu.

Vituko viache mwisho, na angalia kama kuna mahakama au ofisi iliyosema kitu. Shemeji alinihadithia kwamba Kenya kuna Wazungu wamekamatwa na sisimizi. Nikajua ananipima akili. Kumbe kweli: vijana 2 wa Ubelgiji, wa miaka 19, walikutwa Naivasha na malkia wa sisimizi kama 5,000, wamewapanga kwenye vichupa na pamba. Huko nje kuna watu hununua kuwafuga. Mei hakimu akawapa faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja, au jela miezi 12. Mimi nyumbani nawatoa kwenye sukari bure!

Hata lile duara la chuma la kilo 500 lililoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Desemba 30, 2024, niliona ni uzushi mpaka niliposoma kwamba wakala wa anga wa Kenya walikwenda kulichukua na kusema ni kipande cha roketi.

Ile mechi nayo ilinisubiri. Ilichezwa Juni 25, nikaiona kwa macho yangu, Yanga 2, Simba 0. Shemeji alikuja na kreti tupu begani kabla hata sijatoka kwenye kibanda cha kuonyesha mpira.