Fomu ya leseni inayomkwamisha mtumiaji asiyeona

Ndugu, kama asiyeona anabonyeza "Endelea" kwenye fomu yenu ya leseni ya mtandaoni halafu kimya, nashuku kosa mnalionyesha kwa mstari mwekundu tu. Kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hakitamki rangi hiyo. Andikeni kosa kwa maneno, mkitaja kisanduku na namna ya kurekebisha: "Tarehe ya kuzaliwa: andika mwaka kwa tarakimu 4." Kisha kielekezi cha kibodi (si cha kipanya) kihamie kwenye ujumbe huo, ili kisoma skrini kiutamke.

Kabla ya kugusa kingine, weka kipanya kando, ujaze fomu nzima kwa Tab, Shift+Tab, Enter na kitufe cha nafasi. Ukikwama wewe, naye amekwama. Rudia kwa NVDA (kisoma skrini cha bure cha Windows) ukiwa umezima skrini. Ukisikia aina ya kisanduku bila jina lake, lebo, yaani jina la kisanduku, haijaunganishwa nacho kwenye msimbo (code) wa ukurasa. Yale maandishi yaliyofifia ndani ya kisanduku si lebo. Mtu akianza kuandika yanatoweka.

Uwiano wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma usipungue 4.5:1. Muda ambao mfumo unampa mtumiaji kabla ya kumtoa ukikaribia kuisha, toeni onyo na angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Msidanganyike na vibandiko, yaani programu za kubandika juu ya tovuti, vinavyouzwa kama "ufikivu (kutumika na wenye ulemavu) kwa mstari mmoja wa msimbo". Fomu mbovu hubaki mbovu.

Kalenda ya kuchagulia tarehe ikiwasumbua, wekeni visanduku vitatu vya kawaida. Mkilazimika kubaki nayo, mwiteni mtaalamu wa ufikivu, na muwalipe watumiaji wenye ulemavu waijaribu kabla haijaanza kutumika.