Jibu: Kujaribu toleo la beta la Lubuntu kwenye laptopu ya zamani, Lubumbashi

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuweka toleo la beta (la majaribio, kabla ya toleo rasmi) la Lubuntu, mfumo endeshi mwepesi wa familia ya Ubuntu, kwenye laptopu yenye RAM ya gigabaiti 2, ambayo ndiyo unayoitumia kuchapia barua za wateja katika kibanda chako pale Katuba. Kwenye diski ya kazi, hapana. Kwenye diski nyingine, ndiyo, tena ningefurahi sana ukifanya hivyo. Nimejaribu matoleo ya awali hapa Lubumbashi kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba kasoro zinazotusumbua sisi ni zile ambazo wanaojaribu huko Ulaya na Marekani hawakutani nazo. Tusipoziripoti mwezi Machi au Septemba, beta inapotoka, tutazikuta zimo katika toleo rasmi la Aprili au Oktoba.

Anza na kibodi. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zimetoka Ubelgiji au Ufaransa, na ingawa zote ni AZERTY (mpangilio wa herufi unaoanza na A-Z-E-R-T-Y), hazilingani: kwenye ya Kibelgiji alama ya @ hupatikana kwa AltGr na kitufe cha 2, ilhali kwenye ya Kifaransa ni AltGr na kitufe cha 0. Calamares, yaani programu inayosakinisha Lubuntu, itakuuliza mpangilio wa kibodi, na chini ya ukurasa huo kuna kisanduku cha kujaribia. Andika humo a, q, w, z, m na @, kisha uangalie herufi moja moja. Mfumo ukishasakinishwa, rudia jaribio hilo kwenye skrini ya kuingilia, ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), na baada ya kufunga skrini, kwa sababu mpangilio unaweza kuwa sahihi mahali pamoja na kuharibika mahali pengine. Ikiwa umeisimba diski, yaani umeifunga isisomeke bila nenosiri, jaribu pia nenosiri linaloombwa kabla mfumo haujawaka, kwani katika hatua hiyo kibodi inaweza kusomwa kama QWERTY, mpangilio wa Kiingereza, na mtu mwenye herufi a au m katika nenosiri lake akafungiwa nje ya kompyuta yake mwenyewe.

Jambo la pili ni saa. Nchi yetu ya Kongo ina majira mawili ya saa, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa 1. Programu ya kusakinisha hukisia mahali ulipo kwa kutazama anwani ya intaneti, na kwangu hukisia Kinshasa mara kwa mara. Chagua Africa/Lubumbashi, washa upya, kisha uthibitishe kwa amri ya timedatectl.

Kuhusu gharama ya intaneti, faili ya ISO, yaani ile ya kusakinishia mfumo, ina ukubwa wa karibu gigabaiti 3, na hakuna mwenye kifurushi cha kupoteza hapa. Ukishapakua mara moja, usiifute: programu ya zsync hulinganisha faili uliyo nayo na ile ya karibuni zaidi, ikavuta sehemu zilizobadilika tu. Akiba hiyo hutofautiana, maana yaliyomo katika ISO yamebanwa na badiliko dogo huweza kugusa sehemu kubwa, lakini bado ni afadhali kuliko kuanza upya. Kabla ya kuripoti kasoro yoyote ya usakinishaji, hakiki faili kwa amri ya sha256sum (hutoa namba ya kulinganisha na ile iliyochapishwa pamoja na ISO), kwa kuwa upakuaji uliokatika njiani huzaa kasoro ambazo si za mfumo.

Usipime kasi ukiwa unaendesha mfumo kutoka kwenye fleshi. Kwa gigabaiti 2 za RAM, hali hiyo hubana kumbukumbu na kukupa picha isiyo ya haki. Sakinisha kwenye diski ya akiba, fungua Firefox na LibreOffice pamoja, halafu usome matokeo ya amri ya free -h, inayoonyesha RAM iliyotumika na iliyobaki. Firefox ya Lubuntu huja kama snap, yaani programu iliyofungwa pamoja na vitu inavyovihitaji, na kwenye diski ya kuzunguka itachelewa kufunguka mara ya kwanza. Hilo linajulikana tayari, halihitaji ripoti mpya.

Umeme nao utakatika, hasa ikiwa betri yako imekufa. Ukikatika wakati apt (programu inayosakinisha na kusasisha programu nyingine) inasasisha, washa, endesha sudo dpkg --configure -a, na uandike kilichotokea baada ya hapo. Ushahidi wa namna hii ni adimu, kwa hiyo una thamani kubwa.

Ripoti zako zitume kwa amri ya ubuntu-bug pamoja na jina la programu husika, kwa sababu amri hiyo hukusanya taarifa za mashine yenyewe. Kila ripoti ibebe kasoro moja: hatua ulizofuata, ulichotarajia, kilichotokea. Diski hiyo ukiendelea kuisasisha, itafika kwenye toleo rasmi bila kusakinisha upya, lakini diski ya kazi iache kwenye toleo la LTS, yaani la huduma ya muda mrefu, ambalo Lubuntu hulihudumia kwa miaka 3.

Ukishatuma ripoti, bandika namba yake hapa. Sisi wenye laptopu kama yako tutarudia hatua zako, na tukiikuta kasoro hiyo tutatia alama kwamba inatuhusu pia, kwani Launchpad, tovuti inayopokea ripoti hizo, huihesabu ripoti kuwa imethibitishwa pale inapogusa zaidi ya mtu mmoja.