Jibu: UPnP imewashwa lakini poti bado imefungwa

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umesema Transmission (programu ya kushusha torrent) inakwambia poti 51413, yaani mlango wa kupitia data kutoka nje, imefungwa, na UPnP ya ruta, ile inayoziacha programu zijifungulie poti zenyewe, ushaiwasha, basi iache programu kwanza, ingia kwenye ruta (mara nyingi ni 192.168.1.1) utazame IP ya WAN, yaani anwani ya ruta upande wa intaneti, halafu zima VPN (programu ya kuficha IP yako) kama unatumia, fungua tovuti yoyote inayoonesha IP yako ya nje uzilinganishe. Zikitofautiana, na hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi mara nyingi kampuni yako ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, na hapo UPnP haikusaidii kitu maana ruta yako inafungua mlango wa chumba wakati geti la nje funguo wanazo wao. Mie hapa Mwanakwerekwe yalinikuta hayohayo, nikabadilisha mpaka ruta bure, pesa ile inaniuma mpaka leo. Waombe tu IP ya umma, ile usiyochangia na wateja wengine.

IP hizo mbili zikiwa sawa, tatizo liko ndani. Iruhusu Transmission kwenye fayawoli (kinga ya mtandao) ya Windows, na ruta izime uiwashe tena, maana huwa imeng'ang'ania poti ileile kwa IP ya zamani ya kompyuta. Ikigoma, poti ifungue kwa mkono kwenye ruta, kompyuta ipe IP isiyobadilika, weka 51413 kwa TCP na UDP (njia mbili za kusafirisha data), kisha UPnP izime kabisa tafadhali, kwani kifaa chochote humo ndani kinaweza kujifungulia poti bila ya wewe kujua.