Maswali Yenu: Boga la Mlangoni

Oktoba imeingia na Halloween inakaribia, ule usiku wa tarehe 31 ambapo watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, na sisi tunaoishi huku Ohio, Marekani, tunakutana na maboga kila kona: madukani, vibarazani, hadi kwenye vituo vya mafuta. Mji wa Circleville, kusini ya Columbus, umekuwa na maonyesho yake ya maboga tangu 1903, na hata tangi lao la maji limepakwa rangi likafanana na boga. Kwa hiyo sikushangaa kuletewa maswali haya.

*Watoto wangu wanataka boga mlangoni lililochongwa uso kama la jirani, ila kisu mikononi mwao sikitaki. Nikilipaka rangi tu, litadumu? – Mama wa watatu, Columbus*

Litadumu kuliko la jirani, Mama. Boga likishachongwa, ukungu huingia ndani na baada ya siku chache linaanza kunywea. Boga zima ganda lake ndiyo kinga yake. Likiwa halina jeraha linakaa wiki kadhaa.

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua. Tafuta lenye kikonyo kigumu, kikavu. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka kikonyo, kisha ligeuze ubonyeze kitako, maana uozo hupenda kuanzia huko. Likibonyea, liache hapohapo. Libebe kwa mikono miwili kutoka chini. Wengi hulinyanyua kwa kikonyo, kinakatika, na lile donda ndilo linaloliozesha. Nyumbani liweke juu ya kipande cha mbao au boksi, si kwenye saruji yenye unyevu, na usiku wa baridi ya kugandisha liingize ndani. Boga lililoganda likiyeyuka asubuhi linakuwa laini kama embe lililoiva kupita kiasi, na hapo hakuna dawa.

*Mwaka jana nilipaka vizuri, lakini baada ya wiki rangi ilibanduka vipande vipande. Nilikosea wapi? – Msomaji, Louisville*

Bila shaka ulipaka juu ya nta. Ganda la boga lina utelezi wake wa asili, na rangi haishiki hapo. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, likaushe kabisa hadi ndani ya mifereji, halafu lifute kwa kitambaa chenye spiriti. Sasa paka rangi ya akriliki, kwanza nyeupe mikono miwili myembamba, ukisubiri mkono wa kwanza ukauke. Rangi nzito ya mara moja ndiyo inayopasuka. Zile rangi za maji za watoto wa shule zinafaa boga la ndani tu, kwani mvua moja inaziondoa. Mwishoni pitisha vanishi.

Na wala si lazima uchore uso wenye meno. Mimi hununua boga jeupe, aina ya Lumina, nikalichora maua ya piko kwa rangi nyeusi na brashi nyembamba kabisa, ile ya nywele chache. Naanzia kwenye kikonyo, nashuka na ubavu mmoja wa boga kama anavyoshuka mchoraji hina kutoka kwenye kifundo hadi kidoleni: shina, jani, nukta tatu, jani tena. Mbavu za boga zenyewe zinakuongoza mkono. Naliona zuri kuliko vyote ninavyoweka mlangoni mwaka mzima.

*Sisi Halloween hatuisherehekei kwa sababu ya dini. Boga la rangi si lilelile? – Baba wa Minneapolis*

Uamuzi ni wa nyumba yako na wale mnaowauliza mambo ya dini. Ninachojua ni kwamba hapa boga ni alama ya mavuno pia. Lililochorwa maua bila sura linakaa mezani hadi Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba.

*Nyumba ya pili kutoka kwetu wameweka boga la rangi ya bahari, kati ya buluu na kijani. Ni urembo tu? – Dada wa Columbus*

Hapana, dada, linasema kitu. Ni ishara kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula, kama penseli au vibandiko, kwa watoto wenye mzio wa karanga, maziwa na vinginevyo, wanaopita usiku wa Halloween wakiambulia pipi wasizoweza kula. Lilianzia Tennessee, na tangu 2014 limeenea Marekani nzima. Kama una mtoto wa aina hiyo unajua uchungu wa kumnyang'anya pipi mkononi. Boga moja na kopo dogo la rangi, basi. Ninakuomba uliweke na wewe.

*Mama yangu, yuko Tanga, akiona picha anasema tunachezea chakula. Tunaweza kulipika baadaye? – Binti yake*

Lililopakwa rangi msilipike. Maandishi ya "haina sumu" kwenye kopo ni ya mtoto anayelamba kidole, hayamaanishi rangi ni ya kuliwa. Lakini mama yako ana haki, na mimi niko upande wake. Nunueni mawili: kubwa la kupaka, ambalo nyama yake mara nyingi ina maji na haina utamu, na dogo la kupika. Hilo dogo mkitaka nalo lipendeze kwanza, lifungeni utepe wa kanga tu, bila rangi, kisha lipikeni kwa tui zito, sukari na iliki.

Msimu ukiisha, menyeni ganda lenye rangi mlitupe takatakani, kwa sababu akriliki ni plastiki na haiozi. Nyama iliyobaki izikeni bustanini. Kabla ya kuizika toeni mbegu za ndani, ambazo rangi haikuzigusa, muzioshe, muzianike, muzikaange na chumvi, na nyingine mumwekee mama hadi mtakapokwenda.