Mgongo wa mama na yale aliyoambiwa fiziotherapia

Mleta mada, kama nimekuelewa, mama yako anasumbuliwa na mgongo miaka sasa, kapelekwa fiziotherapia (tiba ya viungo na mazoezi), akaambiwa "picha ya MRI haina tatizo kubwa, maumivu yako yanatoka kwenye ubongo." Karudi amenuna, anasema kaitwa chizi. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, kwa hiyo nijibu kwa upande wetu.

Alichoambiwa si uongo, ila kaambiwa mapema mno na kwa mkato. Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu, na mara nyingi jeraha la mwanzo lilishapona. Kilichobaki ni mfumo wa fahamu uliozoea kutoa tahadhari. Wagonjwa wangu nawasimulia habari ya mlinzi aliyewahi kuvamiwa: tangu siku hiyo hata paka akipita anapuliza filimbi. Filimbi ni ya kweli na usingizi umeshakatika, ila mwizi hayupo. Mtu mzima akielezwa hivyo hakatai. Akisikia "ubongo" peke yake, anasikia "unajifanya".

Na hata huo mfano hauji dakika ya kwanza. Namwacha kwanza aongee mpaka amalize, halafu namuuliza maumivu yamemnyima nini. Mama mmoja muuza mboga alinijibu: "Kusujudu. Nasali kwenye kiti, kila mtu ananiuliza naumwa nini." Basi mazoezi yote tukayaelekeza kwenye sijda: kuegemea ukuta, kisha meza, kisha kupiga magoti kitandani, mkeka mwishoni. Pale kitandani akabana pumzi, mtandio kaung'ata. Nikamuuliza anaogopa nini kitatokea. "Pingili zikatike." Kumbe alishaambiwa mahali kwamba zimesagika, na tangu hapo hata sabuni ikidondoka anamwita mtoto aje kuiokota.

Hiyo "zimesagika" inanikera kweli. Kuna mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 kuhusu picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote: kuchakaa kwa diski, yaani vile vimto laini kati ya pingili, kulikutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Sasa mtu akisomewa ripoti bila kuelezwa hilo, anatoka na hofu ambayo hakuja nayo. Mwongozo wa WHO wa 2023 kuhusu mgongo sugu nao unaweka elimu na mazoezi mbele, na haushauri mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo, vitu ambavyo huku watu wanavilipia kila wiki.

Tahadhari tu: ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kutoka bila kujijua, miguu kuishiwa nguvu, hapo ni hospitali leo leo. Homa za jioni na kukonda pia zichunguzwe, TB ya mgongo ipo.

Mama mrudishe, ikiwezekana kwa yule yule, na uingie naye. Mwambie mtaalamu waziwazi kwamba mama alielewa anaambiwa anajifanya. Sisi wenyewe tunahitaji kuambiwa hivyo, maana mgonjwa akikasirika huwa anapotea tu. Kisha mama aseme anataka kurudi kufanya nini, iwe kupika, shamba au kwenda kanisani. Mkiona kila akienda analazwa chini ya taa ya joto na kuwekewa mashine ya umeme, hakuna anayemuuliza chochote, hapo badilisheni kituo.