Kisu cha mpini wenye uwazi: angalia kiungo kwanza

Ndugu, uliuliza kama vipo visu vya mpini wenye uwazi, vya kuweka kiberiti na mshipi wa kuvulia, visivyokatika porini. Vipo, ila vichache. Vingi vya bei poa ni bapa lenye kijimkia kifupi kilichobanwa kwa nati kwenye bomba jembamba la alumini. Ukipasulia kuni kwa kupigilia mgongo wa kisu, kiungo hicho hulegea kwanza, halafu bapa linakuchomokea mkononi. Dira iliyoko kwenye kifuniko wala isikubabaishe.

Tafuta ambacho bapa na mpini ni chuma kimoja. Fundi wa visu Chris Reeve alivitengeneza hivyo kwa A2, chuma kigumu cha zana, kilichochongwa toka kipande kizima. Ni vizuri mno, lakini siku hizi vinawindwa na wakusanyaji na bei imepaa. Kwa mfuko wa kawaida, mimi ningechukua kisu kiitwacho Cold Steel Bushman: bapa na mpini ni karatasi moja ya chuma iliyokunjwa kuwa bomba, hata mti unaweza kuuchomeka ukapata mkuki. Hasara yake ni kwamba mpini ni chuma kitupu, unateleza mkono ukilowa (uzungushie kamba), na kutu inakipenda kisu hiki. Mafuta ya cherehani yanatosha.

Kama shida yako ni kiberiti tu, nunua kisu cha kawaida ambacho chuma kinapita mpini mzima. Kiberiti weka mfukoni.