Maswali ya Wasomaji: Mtafiti wa Falsafa Huchunguza Nini?

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji na nina shahada ya kwanza ya ualimu. Nimeazimia kuomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika falsafa, na fomu inanitaka nitaje eneo ninalopenda kulifanyia utafiti. Nilipotazama orodha za wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa vyuo mbalimbali, niliona kila mmoja ameandikiwa maneno kama metafizikia, epistemolojia, maadili au falsafa ya akili. Mimi nayapenda yote, na zaidi ya yote naipenda falsafa ya Kiafrika. Je, nikiandika hivyo inatosha? Na mtu wa Kigoma ana lipi la kuwaambia wanafalsafa ambalo hawajalisikia? (Mwalimu, Ujiji)

JIBU: Mwalimu, haitoshi. Maneno uliyoyaona katika orodha hizo ni kama majina ya mitaa: yanamwelekeza mgeni upande wa mji, lakini hayamfikishi mlangoni kwa mtu. Aliyeandikiwa metafizikia anachunguza ni mambo gani yaliyopo na yapo kwa namna gani. Wa epistemolojia anauliza tunajuaje yale tunayodai kuyajua. Wa maadili anauliza lipi ni haki kutendwa na kwa nini. Wa falsafa ya akili anauliza fikra ni kitu gani na inahusianaje na mwili. Hata hivyo, ukimketisha mmoja wao barazani na kumtaka akueleze kazi yake, hatakutajia mtaa. Atakuambia kwamba kuna mtu fulani aliyedai jambo fulani, kwamba yeye anaona dai hilo lina ufa, na kwamba tasnifu yake yote ni jitihada ya kuonyesha ufa huo ulipo.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilikuwa na kurasa kumi na mbili kuhusu falsafa ya Kiafrika na maendeleo, na msimamizi wangu alilirudisha likiwa na maneno mawili tu ya wino mwekundu: “Nani anabisha?” Nilinuna juma zima. Kisha nikalisoma upya, nikaona kwamba katika kurasa zote zile hapakuwa na sentensi moja ambayo mtu mwenye akili timamu angejisumbua kuikataa.

Ama kuhusu Kigoma, hapo ndipo ninapokuonea wivu. Mwaka 1956, Alexis Kagame, padri na mwanazuoni wa Rwanda, alichapisha kwa Kifaransa uchunguzi wake wa falsafa ya kuwapo kwa vitu, akianzia katika Kinyarwanda, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiha unachokisikia sokoni kila siku. Alivigawa vyote vilivyopo katika makundi manne kwa kufuata shina la -ntu: mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. Kagame aliona pia kwamba ule usemi maarufu wa mwanafalsafa Mfaransa, Descartes, wa mwaka 1637, “Nafikiri, kwa hiyo nipo,” ungemwacha msikilizaji wa Kibantu akingoja sentensi imalizike, kwa maana angetaka kujua: wewe ni nini, au uko wapi? Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka 2022, aliiendeleza hoja hiyo kwa kutumia Kiakan, lugha ya kwao, ambamo kuwapo ni kuwapo mahali fulani.

Sasa litazame neno letu wenyewe. Katika “nipo” kuna -po, na -po ni ya mahali, ndiyo maana tunaweza kusema pia “niko” na “nimo”. Descartes alitaka kubaki na kitu kimoja kisichotilika shaka hata baada ya kujifanya kwamba hana mwili, kwamba hakuna ulimwengu, wala mahali popote anapokaa. Na hapohapo Kiswahili kinamkabidhi neno lililokwisha kubeba mahali ndani yake. Je, hoja yake imevunjika, au ni tafsiri tu iliyokwama? Ukishikilia kwamba imevunjika, atatokea mtu akuambie kwamba sisi husema “Mungu yupo” na hakuna anayeuliza yupo wapi, kwa hiyo -po hiyo imekwisha kupoteza maana yake ya mahali. Nadhani hilo ni jibu zito, na sijui mtu aliyelitegua kwa sentensi moja. Ila mbishi wako umekwisha kumpata, na aliyempata mbishi amepata eneo la utafiti.

Tahadhari moja ni muhimu, kwa sababu najua haraka za watu wanaoipenda lugha yao. John Mbiti wa Kenya alidai mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una zama ndefu zilizopita na una sasa, lakini hauna mustakabali wa kutajika. Naye alichukua maneno ya Kiswahili “zamani” na “sasa” kuwa majina ya vipande hivyo viwili. Nimewasikia vijana wakimjibu kwa furaha kwamba sisi tuna kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, basi Mbiti ameshindwa. Hajashindwa. Yeye hakuukana wakati ujao ulio karibu, alisema kwamba mawazo hayafiki mbali kuupita huo, na siku nne za mbele hazimgusi. Anayetaka kumpinga lazima atafute mahali pengine pa kumshika, pengine katika viapo na wosia, ambamo mtu hufunga vizazi ambavyo havijazaliwa.

Mtu wa pili wa kumwogopa ni Paulin Hountondji wa Benin. Katika miaka ya 1970 aliwashambulia Kagame na wenzake, akisema kwamba kukusanya imani na methali za kabila na kuziita falsafa ni kujifanya kama kijiji kizima kina wazo moja, na kwamba falsafa inataka mtu mwenye jina lake, anayetoa hoja na kuwajibika kwayo. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alilijibu hilo kwa vitendo: alikwenda kuwahoji wazee mmoja mmoja, akawatofautisha wale wanaohifadhi hekima ya jamii yao na wale wanaoweza kuihoji. Basi ukitaka kwenda kwenye mabaraza ya Ujiji na daftari lako, nenda, lakini usirudi na methali mia mbili. Rudi na mahali ambapo mzee mmoja alimkatalia mwenzake na akatoa sababu.

Na kama lugha si mapenzi yako, una Gombe mlangoni pako. Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika huko Julai 1960, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amemwona sokwe akichokoa mchwa kwa kijiti kutoka katika kichuguu, jambo lililowalazimu wataalamu kufikiri upya ule msemo kwamba binadamu ndiye mtengeneza zana. Mwanafalsafa wa Marekani, Donald Davidson, alishikilia kwamba asiye na lugha hawezi kuwa na mawazo yoyote kwa maana kamili. Sokwe aliyekivua kijiti majani yake kabla ya kukifikisha kichuguuni anamweka Davidson katika mashaka gani hasa? Anayeliuliza hilo ni mtu wa falsafa ya akili, na hahitaji kulihalalisha kwa kuliita la Kiafrika.

Kwenye fomu, kwa hiyo, andika sentensi tatu: ya kwanza itaje dai na mwenye dai, ya pili useme unachokitilia shaka, ya tatu useme utakavyochunguza. Kisha, kabla ya kuituma, soma walau makala moja ya kila mhadhiri wa idara hiyo anayeweza kuwa msimamizi wako, kwa sababu swali zuri lisilo na msimamizi husubiri sana.

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, kijana wangu yuko Marekani mwaka wa nne sasa akisomea uzamivu wa falsafa, na anasema bado hajamaliza. Majirani hapa Ng'ambo, Tabora, wananiuliza kama atarudi padri, na sisi ni Waislamu. Amenitumia karatasi inayosema ubobezi wake ni maadili na umahiri wake ni mantiki. Sikuelewa. (Mama, Tabora)

JIBU: Mama, majirani wana sababu ya kuchanganya. Watu wa Tabora wanaijua seminari kuu ya Kipalapala, na kwa kweli wanaoandaliwa kuwa mapadri wa Kikatoliki husoma falsafa kabla ya teolojia. Lakini neno lenyewe, falsafa, limetufikia kwa Kiarabu, ambacho kililipata kwa Kigiriki; na mjadala kati ya Al-Ghazali, aliyewashambulia wanafalsafa, na Ibn Rushd, aliyemjibu, husomwa hadi leo katika vyuo vya kila namna. Mwalimu Nyerere naye, aliyesoma na kufundisha hapo Tabora, alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alisoma falsafa ya maadili miongoni mwa masomo yake, na hakurudi padri.

Ubobezi ni eneo ambalo mtu anafanyia utafiti na anaweza kutetea hoja zake mbele ya wataalamu. Umahiri ni eneo analoweza kulifundisha vizuri chuoni bila kudai kwamba analiongezea jipya. Kuhusu muda, huko Marekani mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huanza kwa miaka miwili au mitatu ya masomo ya darasani, kisha mitihani au pendekezo la tasnifu, ndipo aanze kuandika, na mara nyingi huku akiwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza ili kupata posho yake. Uingereza, ambako wengi huanza kuandika tangu mwaka wa kwanza, hujitahidi kumaliza ndani ya mitatu au minne. Kwa hiyo mwaka wa nne kwa kijana wako haujawa wa kuchelewa, na hata wa sita usikushtue. Atakapopiga simu, mwombe akutajie jina la mtu anayebishana naye katika sura anayoiandika sasa. Akisita, hapo ndipo uanze kumhimiza.